Siku Tatu za Lusaka

Julai, Forest ya Zamani. Baridi imeingia na viatu vyake
hadi mezani. Jiko la mkaa liko chini ya meza,
mlango tumeuacha wazi kidogo,
miguu sita inagombea joto.

Nimefungua daftari la mistari mipana,
nikaandika juu, kwa mwandiko wa ubaoni:
LUSAKA. Siku tatu. Watu watatu.
Nikapiga mstari kwa rula.
"Mama," anasema Subilaga, "hii ni safari au mtihani?"

Miaka kumi na tisa naifundisha Zambia kwa chaki:
shaba iko hapa, mto unapinda hapa,
reli inapita hapa, andikeni.
Reli yenyewe naisikia usiku, kutoka Iyunga,
siku ambazo treni imekumbuka kuja.
Tunduma nimefika mara nne.
Nikasimama, nikatazama ng'ambo
kama mtu anayechungulia jikoni kwa jirani,
nikanunua vitenge, nikarudi.

Ipyana ana miaka kumi na sita na neno moja: "Poa."
Basi la usiku? Poa.
Kulala chumba kimoja na mama na dada?
Kimya. Halafu: poa.
Ameomba kitu kimoja tu, ngazi zinazopanda zenyewe.
Anataka kusimama juu yake, asiinue mguu,
apelekwe.
Mtoto aliyekulia chini ya Loleza,
ambaye hata kutumwa chumvi ni kupanda mlima.
Nimemwelewa.

Subilaga ameandika ishirini na saba.
Namba nne: saluni.
Namba tisa: kula kitu tusichoweza kukitamka.
Namba kumi na tano: kuongea Kiingereza na mtu
ambaye hatanisahihisha.
Nikainama, nikachochea mkaa
ambao haukuhitaji kuchochewa.

Nauli mara tatu, mara mbili tena.
Kadi za njano za chanjo.
Kwacha, na si kwa wale vijana wa mpakani
wenye vidole vyepesi kuliko macho yangu.
Pesa ya dharura, ndani ya soksi.
Pesa ya dharura ya dharura: siitaji iliko.
Nimekata saluni. Nimerudisha saluni.
Nimekata viatu vyangu.

Imebaki barua ya baba yao.
Watoto wakivuka na mzazi mmoja, nimeambiwa,
afisa anaweza kuinua macho na kuuliza:
mwenzako yuko wapi?
Mwenzangu yuko Mafinga, na mbao zake,
na nyumba ambayo sijaiona hata bati.
Mwaka mzima hatujaandikiana sentensi
isiyo na shilingi ndani yake.

Nani amwandikie?
Mkaa ukapasuka, sote tukautazama
kana kwamba umejitolea.

Ipyana ndiye aliyevuta simu.
Akaandika kwa vidole gumba, akafuta, akaandika,
muda mrefu kuliko insha yoyote niliyowahi kumsimamia.
Sikuuliza. Nilijumlisha upya hesabu
iliyokwisha kujumlika.
Jibu likaja kabla chai haijapoa.
Akaniwekea simu juu ya daftari, uso juu:

Nitasaini. Mnarudi lini?

Mnarudi. Nimefundisha ramani, si sarufi,
lakini usiku huu nimekwama kwenye herufi moja:
hiyo *m*, kwake, ni watu wangapi?

"Jumapili jioni," Ipyana akaandika, bila kuniuliza,
akageuza simu kifudifudi.

Subilaga akavuta kalamu mkononi mwangu.
Namba ishirini na nane: zawadi ya baba.
"Isizidi kwacha hamsini," nikasema.
"Mia," akasema Ipyana.
Nje, mbwa wa jirani anabwekea ukungu.
"Sabini," nikasema,
"na wewe ndiye utakayeibeba."
Poa.